Jimi Hendrix: Alianza na ufagio, akaishia kubadilisha mlio wa gitaa

KABLA hajashika gitaa, Jimi Hendrix alishika ufagio.

Akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi jijini Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani, alizoea kutembea na ufagio huo akiukwaruza kwa vidole kana kwamba una nyuzi. Mfanyakazi mmoja wa maslahi ya jamii pale shuleni aliliona jambo hilo, akaandika barua kuomba pesa za kumnunulia mtoto huyo gitaa. Alihofia kwamba kumnyima kungemuumiza kisaikolojia.

Ombi hilo lilikataliwa.

Haikupita miaka 15, mtoto huyo wa ufagio akawa miongoni mwa wapiga gitaa waliozungumziwa zaidi duniani.

Vijana wengi wanamjua kwa picha moja tu: jamaa wa nywele za afro amepiga magoti jukwaani, gitaa linawaka moto mbele yake. Picha ni kali, hatukatai. Lakini kilichobadilisha muziki hakikuwa kile kiberiti. Kilikuwa visanduku vidogo vilivyolala sakafuni karibu na viatu vyake, vyenye vipuri vichache vya kawaida ndani, ambavyo yeye na fundi rafiki yake walivifungua, wakavibadilisha na kuvijaribu tena na tena.

Visanduku hivyo ndivyo tunaviita pedali. Na maisha ya Jimi ni hadithi ya mtu ambaye hakuwahi kukiacha kifaa kibaki jinsi kilivyotoka dukani.

Uzi mmoja tu

Jimi alizaliwa Novemba 27, 1942. Mamake, Lucille, alikuwa na umri wa miaka 17 pekee. Babake, Al, alikuwa jeshini wakati huo, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Mtoto akapewa jina Johnny Allen. Baba aliporudi alilibadilisha, na kufikia 1946 akawa James Marshall Hendrix.

Nyumbani hakukuwa na raha. Pesa zilikuwa za kubahatisha, pombe haikukosekana, na ugomvi ulikuwa wa kila mara. Wazazi walitalikiana mwaka 1951. Lucille alifariki mapema mwaka 1958, Jimi akiwa na umri wa miaka 15.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, kijana huyu alikuwa akimsaidia babake kibarua cha kuondoa takataka nyumbani kwa mama mmoja mzee. Katikati ya takataka akaona ukulele, yaani kile kijigitaa cha nyuzi nne. Huo ulikuwa umebakiwa na uzi mmoja tu. Mwenyewe akamwambia auchukue.

Kwa uzi huo mmoja, Jimi alianza kuigiza nyimbo alizosikia redioni, sauti moja baada ya nyingine. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Sikio ndilo lililokuwa darasa.

Mwaka 1958 akapata gitaa la kawaida, lisilo la umeme, kwa dola 5. Mwaka uliofuata babake akamnunulia gitaa la umeme aina ya Supro. Furaha haikudumu. Aliliacha usiku nyuma ya jukwaa katika ukumbi mmoja wa Seattle, na kulipokucha wezi walikuwa wameshapita nalo.

Gitaa lililofuata lilikuwa Danelectro jekundu. Hapa ndipo tunaona tabia ambayo ingemfuata maisha yake yote. Jimi alichukua rangi na kuliandika kwa mkono jina Betty Jean, la msichana aliyekuwa mpenzi wake. Kifaa cha kiwandani kikawa chake, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa na kama hicho.

Kulikuwa na jambo jingine. Jimi alikuwa mashoto, na magitaa ya watu wa mkono wa kushoto yalikuwa adimu. Basi alichukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, akazitoa nyuzi na kuzifunga upya kwa mpangilio unaomfaa. Vitufe vilivyopaswa kuwa chini vikawa juu, karibu na mkono wake. Mwingine angeona kero. Yeye aliizoea hali hiyo hadi ikawa sehemu ya mtindo wake.

Jela au jeshi

Mwezi Mei 1961 polisi walimkamata mara mbili akiwa ndani ya magari ya wizi. Akapewa machaguo mawili: jela au jeshi. Akachagua jeshi, akajiandikisha mwisho wa mwezi huo huo.

Alipelekwa katika divisheni ya 101, ile ya wanajeshi wa miavuli, katika kambi ya Fort Campbell huko Kentucky. Alimwandikia babake amtumie gitaa lake, na Betty Jean akafika kambini. Wenzake walimchoka. Kijana analala na gitaa, anaamka na gitaa. Makamanda nao waliona wazi kwamba akili yake haiko kwenye bunduki.

Lakini kambini humo alikutana na Billy Cox, mpiga gitaa la besi aliyepita karibu na chumba alimokuwa akifanya mazoezi, akasikia kitu cha ajabu na kuingia. Wawili hao wakawa marafiki wa kudumu. Jimi aliondoka jeshini katikati ya 1962, Cox akamfuata, nao wakaunda bendi huko Tennessee.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kusota. Jimi alizunguka kusini mwa Marekani akipiga gitaa nyuma ya wasanii wakubwa katika kumbi za watu weusi. Enzi hizo ubaguzi wa rangi ulikuwa bado umeshika kila kitu, kuanzia hoteli hadi choo. Mwaka 1964 alihamia Harlem, New York, akashinda shindano la chipukizi katika ukumbi wa Apollo. Kisha akachukuliwa na kundi la Isley Brothers, na baadaye Little Richard.

Hao walikuwa mabosi wenye kanuni zao. Mpiga gitaa wa nyuma alitakiwa avae sare, acheze hatua zile zile na asimzidi mwimbaji kwa mbwembwe. Jimi hakuweza. Alifutwa, akaacha, akachukuliwa tena, akaacha tena.

Karatasi ya dola 1

Sasa hapa, ewe msanii chipukizi, sikiliza kwa makini.

Mnamo Oktoba 1965, akiwa hana kitu mfukoni, Jimi alitia saini mkataba na produsa aliyeitwa Ed Chalpin. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Malipo yake ya kuanzia yalikuwa dola 1. Naam, moja. Juu yake angepata asilimia 1 ya mapato ya mauzo.

Kijana ambaye hangeweza kuona gitaa bila kutaka kujua linafanyaje kazi hakuuchunguza mkataba huo kwa jicho hilo hilo. Aliuweka sahihi, akaendelea na maisha, na baada ya muda akausahau. Karatasi hiyo haikumsahau.

Mwaka 1966 alikuwa na bendi yake ndogo, akipiga katika mkahawa wa Cafe Wha? mtaa wa Greenwich Village, New York. Hapo ndipo Chas Chandler, mpiga besi wa kundi la Animals la Uingereza aliyetaka kuingia katika umeneja, alipomwona. Hakusubiri. Mnamo Septemba 24, 1966, Jimi alitua London. Tahajia ya jina lake ikabadilishwa kutoka Jimmy hadi Jimi, wakatafutwa Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma, na kundi la Jimi Hendrix Experience likazaliwa.

Kasoro iliyogeuka mali

Kuelewa kilichotokea London, lazima kwanza turudi nyuma kidogo hadi Nashville, mji wa studio nyingi za muziki nchini Marekani.

Mapema miaka ya 1960, wanamuziki walikuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins. Kipuri kimoja ndani ya mitambo ya studio kikaharibika. Sauti ya gitaa la besi ikatoka imechanika, inakwaruza, kama nyuki amefungiwa ndani ya mkebe. Kwa kawaida hiyo ni siku ya kumwita fundi na kurekodi upya.

Badala yake waliiacha. Wimbo ukatoka mwaka 1961 ukiwa na mkwaruzo huo, na watu wakaupenda. Wanamuziki wengine wakaanza kuja studio wakiutaka mlio ule ule. Tatizo ni kwamba kile kipuri kibovu kilikuwa kimekufa kabisa. Basi mhandisi Glenn Snoddy akakaa chini kuunda kisanduku cha transista kinachotoa mlio huo makusudi. Kikaingia sokoni mwaka 1962 kwa jina Maestro Fuzz-Tone.

Mlio huo wa kukwaruza unaitwa fazi, na siri yake si ngumu. Sauti ya gitaa la umeme husafiri kwenye waya kama wimbi dogo linalopanda na kushuka taratibu. Transista huliongezea nguvu. Ukiliongezea kupita kiasi ambacho transista inaweza kubeba, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa. Ukataji huo huzalisha sauti nyingine za juu ambazo hazikuwepo, na sikio linasikia mkwaruzo mnene wenye hasira. Pia sauti hudumu zaidi kabla ya kufifia, karibu kama mtu anayeimba bila kuvuta pumzi.

Huko Uingereza, mwaka 1966, kampuni ya Arbiter ilitoa pedali yake iliyoitwa Fuzz Face. Ilikuwa ya mviringo, na inasemekana umbo hilo lilitokana na kitako cha kigingi cha kusimamishia maikrofoni. Vitufe viwili vya kuzungusha vilikaa kama macho, maandishi yakapindwa chini kama mdomo unaotabasamu. Ukiiangalia, ni uso kweli.

Na ndani je? Ukiifungua unaweza kucheka. Transista 2, rezista 4, kapasita 3, kitufe cha sauti, kitufe cha ukali, swichi ya mguu na betri ya volti 9. Basi. Hiyo ndiyo pedali iliyotikisa dunia.

Ndiyo maana hadi leo, anayejifunza kuunda pedali nyumbani mara nyingi huanza na saketi hii. Vipuri vyake ni vichache, na betri ya volti 9 haiwezi kumdhuru mtu kama umeme wa ukutani. Unalehemu vipuri kwenye kibao kidogo, unatoboa kisanduku cha alumini, kisha unafika sehemu ambayo wengi huipenda kuliko zote: kukipaka rangi na kukichora utakavyo.

Fundi wa jeshi la majini

Fuzz Face ilikuwa na matatizo yake. Transista za mwanzo zilikuwa za madini yaitwayo jemaniamu, na jemaniamu haina nidhamu. Joto likipanda, sauti inabadilika. Pedali iliyolia vizuri wakati wa mazoezi ya mchana ingeweza kugoma usiku chini ya taa kali. Isitoshe, transista mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zingeweza kutofautiana kama ndugu wasiosalimiana. Ukinunua Fuzz Face tatu, moja ni moto, ya pili ni ya wastani, ya tatu ni takataka.

Mnamo Januari 1967, kijana Mwingereza aitwaye Roger Mayer alienda kumtazama Jimi katika klabu moja ya London. Mayer hakuwa mwanamuziki. Mchana alikuwa mtaalamu wa sauti na mitetemo katika utafiti wa jeshi la majini la Uingereza. Jioni alilehemu visanduku vya gitaa kwa marafiki zake, wakiwemo Jimmy Page na Jeff Beck, kabla dunia haijawajua vizuri.

Mayer alimwonyesha Jimi kisanduku alichokiunda mwenyewe, ambacho kilikuja kuitwa Octavia. Jimi akakijaribu, na urafiki ukaanza hapo hapo.

Octavia ilifanya jambo ambalo Fuzz Face haikuweza. Wimbi la sauti lina nusu ya juu na nusu ya chini. Octavia hulikunja, ile nusu ya chini ikageuzwa kuwa ya juu. Matokeo yake ni kwamba vilele huwa mara mbili, na sikio linasikia sauti ya pili iliyo juu zaidi, kama mtoto anayeimba pamoja na mtu mzima. Huku chini kuna mkwaruzo, huku juu kuna mluzi. Kinapendeza zaidi ukipiga sehemu ya juu ya shingo ya gitaa.

Mapema Februari 1967, katika studio ya Olympic jijini London, Jimi alikitumia kisanduku hicho kwenye wimbo Purple Haze. Inasimuliwa kwamba utepe ulipotumwa Marekani uliandamana na maelezo ya kuwatahadharisha mafundi wa huko kwamba mkwaruzo ule ni wa makusudi, wasijaribu kuurekebisha. Hebu fikiria. Mlio ulikuwa mpya kiasi kwamba mtaalamu angedhani utepe umeharibika.

Kuanzia hapo wawili hao waligawana kazi. Jimi alieleza anachokisikia kichwani, mara nyingi kwa kutaja rangi badala ya maneno ya kitaalamu. Mayer alitafsiri rangi hizo kuwa vipuri. Alizipima transista moja moja, akachagua zinazofaa, akabadilisha rezista, akarudi na toleo jipya. Jimi alipiga, akasema linalokosekana, na Mayer akarudi mezani. Hawakuwa na kifaa kilichokamilika. Kila kisanduku kilikuwa jaribio la kuelekea kijacho.

Kulikuwa pia na pedali ya wawa, ambayo mguu huibembeza mbele na nyuma na sauti hufunguka na kujifunga kama mdomo. Nayo ilizaliwa kwa kuunganisha vitu vilivyokuwepo: wahandisi huko California walichukua saketi ya kurekebisha sauti na kuitia ndani ya pedali ya kinanda. Jimi aliiweka mbele ya Fuzz Face, kisha sauti yote ikaingia kwenye amplifaya za Marshall zilizofunguliwa karibu hadi mwisho. Muundaji wa amplifaya hizo, Jim Marshall, alikuwa na majina yale yale ya James na Marshall. Sadfa tamu.

Lakini usidhani visanduku ndivyo vilivyokuwa vikipiga muziki. Jimi aliidhibiti fazi kwa kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe. Akikirudisha chini kidogo, mkwaruzo ulisafika ukawa laini. Akikipandisha, unyama ulirudi. Alifanya hivyo katikati ya wimbo, mkono wa pili ukiendelea kazi. Watu wengi wamenunua pedali kama zake na wakashangaa mbona hawasikiki kama yeye. Jibu liko kwenye vidole na saa nyingi za mazoezi.

Rangi kabla ya moto

Turudi sasa kwenye lile gitaa lililochomwa.

Juni 18, 1967, Jimi alikuwa California katika tamasha la Monterey. Marekani, nchi yake mwenyewe, haikuwa imemtambua bado. Kabla ya onyesho alichukua gitaa lake la Stratocaster, akalipaka na kulichora maua na michoro kwa mkono wake. Mwishoni mwa onyesho akalimwagia petroli ya kibiriti na kuliwasha.

Wengi huona fujo. Lakini angalia mpangilio. Mtu ameketi akachora kwa uangalifu, kisha akakitoa alichokichora mbele ya watu. Mwezi huo huo, katika ukumbi wa Saville jijini London, alikuwa amelivunja gitaa jingine alilolipamba mwenyewe, nyuma akiwa ameliandikia shairi la kuwaaga Waingereza. Mwaka huo pia alilichora gitaa lake la Gibson Flying V lenye umbo la mshale, likajaa mizunguko ya rangi. Hilo halikuchomwa, na alilitumia hasa kwa nyimbo za bluzi.

Hata mavazi yalikuwa vivyo hivyo. Koti lake maarufu la kijeshi lenye nakshi za dhahabu lilikuwa kuukuu, mitumba kwa lugha yetu. Alilichukua vazi la askari wa zamani akalifanya la kwake, sawa na alivyofanya kwa ukulele, kwa Danelectro na kwa kila pedali.

Baada ya Monterey milango ilifunguka. Albamu tatu za studio zilitoka kati ya 1967 na 1968. Na karatasi ya dola 1 ikaibuka mahakamani.

Vita ndani ya spika

Ed Chalpin alishtaki. Mkataba ule wa 1965 ulikuwa bado hai kisheria Jimi alipoanza kuuza rekodi kwa mamilioni. Suluhu iliyopatikana Marekani ilimpa Chalpin sehemu ya mapato, pamoja na haki ya kupata albamu moja mpya ambayo ingetolewa na kampuni ya Capitol. Yaani Jimi alilazimika kufanya kazi nzima ili kulipia sahihi moja.

Ili kulilipa deni hilo, alirekodi maonyesho ya mkesha na siku ya Mwaka Mpya wa 1970 katika ukumbi wa Fillmore East, New York, akiwa na Buddy Miles kwenye ngoma na rafiki yake wa jeshini, Billy Cox, kwenye besi. Albamu ikaitwa Band of Gypsys.

Ajabu ni kwamba ndani ya albamu hiyo ya kulipia deni kuna wimbo Machine Gun, ambao wapiga gitaa wengi wanauweka miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Humo alitumia fazi, Octavia, wawa na Uni-Vibe, kisanduku cha Kijapani kinachoifanya sauti izunguke kama feni. Gitaa linalia risasi, linalia helikopta, linalia watu.

Miezi michache kabla, Agosti 18, 1969, alikuwa amefanya jambo kama hilo huko Woodstock. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na wengi wa waliohudhuria tamasha hilo walikuwa wameshaondoka. Jimi akaupiga wimbo wa taifa wa Marekani bila maneno, katikati yake mabomu yakidondoka na ving'ora vikilia, vyote vikitoka kwenye gitaa moja. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na divisheni yake ya zamani ya 101 ilikuwa huko ikipigana. Kila aliyesikia alielewa, bila kuambiwa neno.

Studio yake mwenyewe

Jimi alichoka kulipia saa za studio za watu. Alitaka mahali ambapo angeweza kujaribu sauti hadi alfajiri bila mtu kuangalia saa. Basi yeye na meneja wake wakajenga studio Greenwich Village, mtaa ule ule alikokuwa akipiga kwa pesa ndogo mwaka 1966. Mhandisi wake mkuu alikuwa Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini. Gharama zilifika takriban dola milioni 1, sehemu yake ikiwa mkopo.

Studio hiyo, Electric Lady, ilifunguliwa rasmi Agosti 26, 1970. Kuta zilipindwa, na taa za rangi zingeweza kubadilishwa kulingana na hisia za anayerekodi. Lilikuwa kama lile gitaa la Betty Jean, ila safari hii alikuwa amekipamba chumba kizima.

Hakukifaidi. Muda mfupi baadaye alipanda ndege kwenda Ulaya kwa maonyesho, akiwa amechoka, halali vizuri, na amezungukwa na kesi na madai. Septemba 18, 1970, alifariki London baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi na kupaliwa na matapishi. Mchunguzi wa vifo hakuweza kutoa uamuzi wa mwisho kuhusu mazingira ya kifo hicho. Jimi alikuwa na umri wa miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle.

Hakuacha wosia. Mali yote kisheria ikamwendea babake, lakini kwa miaka mingi haki za nyimbo na rekodi zilisimamiwa na watu wengine. Al Hendrix, yule mfanyakazi wa vibarua, akaenda mahakamani, akisaidiwa kifedha na Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft na shabiki mkubwa wa Jimi kutoka Seattle. Mwaka 1995 haki hizo zilirudi mikononi mwa mzee huyo. Zilikuwa zimechukua miaka 25.

Leo Electric Lady bado inarekodi wasanii. Fuzz Face na Octavia bado zinauzwa, na watu wasiohesabika wanazilehemu upya vyumbani mwao, kila mmoja na rangi zake, kila mmoja akijaribu transista hii na ile hadi sikio liridhike. Vipuri ni vile vile vichache.

Ukiamua kuunda cha kwako, fungua kisanduku, kijue, kibadilishe, kichore. Na siku ukiletewa mkataba, ufungue hivyo hivyo, neno kwa neno, kabla kalamu haijagusa karatasi.